Jioni Mbuzi Walipodanganywa na Mwezi

Ilianza Jumapili, tarehe tatu Novemba 2013, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa mdogo, lakini saa naijua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa ikitangaza. Yote yamenirudia juzi, hapa shuleni Lodwar, mwezi ulipopatwa na mwalimu wa fizikia akatutoa nje tuutazame. Nilijifunika leso usoni, wenzangu wakacheka: "Wewe, huo ni mwezi tu, hauumi!" Wao niliona aibu kuwaeleza. Wewe nitakueleza.

Tuliishi kijijini Lopur kwa nyanya. Mama mdogo alikuwa amelazwa Kakuma, akatuachia mtoto wake mchanga. Ukame ulikuwa umekausha maziwa ya mbuzi wote isipokuwa mmoja mweusi, na mtoto aliishi kwa maziwa yake. Kila jioni tuliwafungia wanambuzi kabla mama zao hawajarudi malishoni, nyanya akakamua kwanza, ndipo wakaachiwa wanyonye.

Wiki hiyo wataalamu wa nyota walipita na darubini zao wakielekea ziwani. Wakasimama kisimani, wakatuambia mwezi utafunika jua, na anayelitazama bila miwani maalum anaweza kupofuka. Nyanya hakutaka kubahatisha. Akamwita hata mjomba kutoka malishoni, akatuingiza sote ndani, akaziba mlango kwa ngozi. "Mtu bila macho atachunga nini?"

Ndani kulinuka moshi na jasho. Mwanga uliopenya kwenye matawi ya ukuta ukafifia, kuku wakanyamaza. Kisha tukasikia kengele. Mbuzi walidhani usiku umeingia, wanarudi wenyewe! Na wanambuzi walikuwa bado huru nje, maana saa ya kuwafungia haikuwa imefika.

"Watamaliza maziwa!" nyanya alisema. Mtoto alikuwa analia mgongoni kwake tangu mchana. Mjomba alitazama chini.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilijifunga leso machoni, nikapita chini ya ngozi.

"Rudi!" nyanya akapiga kelele. "Ukipofuka nitamwambia nini mama yako?"

Nilitambaa kufuata kengele. Upepo ulikuwa baridi ghafla. Nikapapasa pembe, kwato, mgongo, hadi nikagusa sikio lililochanika la yule mbuzi mweusi. Mwanambuzi wake alishaanza kunyonya. Nikamvuta mguu, nikamkumbatia, akanipiga mateke ya tumbo. "Nimemshika!"

Nyanya akaja, naye amejifunika shuka kichwa chote. Nikamsikia akipapasa. "Ala! Huyu ni beberu!" Mjomba akacheka kule ndani. "Cheka, wewe shujaa wa mlangoni," nyanya akamjibu. Mwishowe nikasikia maziwa yakigonga kibuyu, kidogo, lakini yakigonga.

Mwanga ulirudi, kisha jua likatua kweli. Mimi nilikataa kufungua leso, nikalala nayo.

Siku hizi nyanya hayupo. Mbuzi walikwisha kwenye ukame uliofuata, na Lopur tunanunua maziwa ya pakiti dukani. Sauti ile ya kibuyu sijaisikia tena.

Lakini asubuhi iliyofuata jioni ile, nyanya alinifungua leso mwenyewe. Mtoto alikuwa amelala, ameshiba. "Haya, tazama," akaniambia. Niliogopa sana. Nikafungua jicho moja tu, ili kama ni kupofuka, lingine libaki.