Filimbi Yenye Mafua

Kwa miaka kumi na moja fundi bomba mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mvuke, alikuwa akijenga uani kwake injini ya treni yenye urefu wa kitanda. Ilifuata muundo wa ile aliyoendesha marehemu baba yake: boila la mvuke katikati, tangi la maji mbele na jingine nyuma, ikienda pande zote mbili bila kugeuzwa. Ilichoma makaa ya kweli. Kilichobaki ni filimbi tu, na aliyekumbuka sauti ya ile ya baba ni mama yake, ambaye masikio yake yalizidi kuwa mazito. Mvuke alitaka kuipata kabla hayajaziba kabisa.

Alifunga filimbi ya saba, shaba inayometameta, akavuta kamba. Ikalia safi.

“Hiyo ni ya bwana harusi,” mama alisema kutoka barazani. “Ya baba yako ilikuwa na mafua.”

“Mafua, mama?”

“Ilikuwa na ufa. Kila mara aliahidi kuibadilisha. Nikamwambia, thubutu! Nitakutambuaje?”

Mvuke akacheka. Miaka yote hiyo alikuwa akiondoa kila kasoro. Alichukua tupa, akaitia ufa ukingoni ile filimbi nzuri, akavuta tena. Ikakwaruza, kama mtu anayeita huku koo limemkauka.

“Ameshafika kwenye kona,” mama alisema taratibu. Akainuka, akaenda jikoni kubandika maji ya kuoga, kama alivyofanya zamani kila aliposikia treni ikikaribia.

Mvuke alibaki ameshika kamba, akiogopa kuiachia.