Bomba la Baba kwenye Ziwa Nzilo

Kwanza nakumbuka mlio: wimbi likipiga chini ya mbao, katikati ya matumbo mawili ya boti, na mbao zikiruka chini ya nyayo zetu kana kwamba kuna mtu kule chini anataka kufunguliwa. Lilikuwa Ziwa Nzilo, majuma ya kwanza ya mvua, mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili. Baba alikuwa amefanya kazi ya pampu mgodini, chini ya ardhi, mpaka kazi ikaisha. Ndipo akatafuta mapipa marefu mawili ya chuma kikuukuu, akayachomelea ncha, akayaunganisha kwa mbao na kufunga mota nyuma. Waliosoma huita boti ya namna hiyo katamarani. Watu wa gatini, walioamini mtumbwi tu, waliiita kitanda cha Tata Ilunga, ndivyo walivyomwita baba, na kila asubuhi walimuuliza kama amelala vizuri. Alipakia wachuuzi wa samaki na makaa, akavuka.

Kazi yangu ilikuwa vifuniko. Kila tumbo, yaani kila pipa, lilikuwa na tundu moja juu, lenye kifuniko cha bati kilichokazwa kwa boliti nne. Chini yake nilipanga mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani la lori, nikaupaka grisi, nikakaza mpaka vidole viume. Mwalimu alinirudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya alama za grisi kwenye daftari. Sikujali. Shuleni nilisimuliwa vitu, kwenye boti nilivigonga. Baba alinifundisha desturi ya wachimbaji, ya kugonga dari la mgodi kwa nondo na kusikiliza kama jiwe limeshika au linataka kuanguka. Mimi niligonga matumbo ya boti. Tupu lililia kama kengele, lenye maji lilijibu kwa sauti nzito, na ningeweza kukuonyesha kwa kidole maji yalipofikia.

Lakini hata kosa la baba lilitoka mgodini. Chini ya ardhi maji yote huelekezwa mahali pamoja, pa chini kabisa, na hapo ndipo pampu hukaa. Baba alikuwa na pampu moja tu, ya mkono. Basi alichomelea bomba jembamba kutoka tumbo la kulia hadi la kushoto, likiinama kidogo, ili maji yakiingia kulia yateremke yenyewe kushoto, kwenye pampu. Alijivunia bomba hilo kuliko mota. Ziwa lilipotulia lilifanya kazi vizuri mno.

Siku ya mlio ule tulikuwa watu wanane, pamoja na Mama Feza, mchuuzi wa samaki kutoka Musonoi, mwanamke mpana ambaye aliketi peke yake mahali pa watu wawili na hakuna aliyethubutu kusema neno. Katikati ya ziwa upepo ukatushukia. Gunia la makaa likabamiza kifuniko cha kulia, boliti mbili zikakatika, na kila wimbi likaacha humo sehemu yake. Baba akapunguza mwendo ili pua za boti zisichimbe majini, akampa mtu pampu. Maji yaliteremka kushoto upesi kuliko yalivyotolewa. Upande huo ukazama, na kadiri ulivyoinama ndivyo bomba lilivyozidi kuumiminia. Nikagonga. Sauti nzito ilikuwa imevuka nusu ya tumbo.

"Tata, tufunge ile tiyo!" nikapiga kelele, nikionyesha bomba.

"Hapana gusa tiyo! Ukifunga, kulia itajaa, tutapinduka."

"Maji yote iko huku kushoto, Tata!"

"Weye njo utanifundisha maji? Mi nilipiga pampu miaka kumi na tano!"

"Mu shimo, Tata Ilunga," Mama Feza akamkata. "Shimo haipinduki. Mutoto, unataka nini?"

Nikamwambia kitambaa. Akafungua kitenge chake cha juu, akanitupia. "Ni kipya, eh! Ukikipasula, mi mwenyewe nitakutupa mu maji."

Wanaume wawili wakalala juu ya kifuniko cha kulia. Mimi nikafungua cha kushoto na kuingia, baba akiita jina langu. Mara giza likaja: Mama Feza alikuwa ameketi juu ya tundu, yeye mwenyewe amekuwa kifuniko. Maji yenye kutu yalinifika kifuani. Nilipapasa ukutani mpaka nikahisi mkondo wa baridi, nikasokomeza kitenge mdomoni mwa bomba, nikakikandamiza kwa mgongo. Juu nilimsikia baba akimwamuru Mama Feza ainuke, naye akijibu, "Piga pampu, Tata! Mi sitoki hapa." Maji yakashuka kiunoni, kisha magotini. Boti ikasimama sawa.

Tulifika wote wanane. Nyumbani mama yangu alinituma nipige magoti mbele ya baba, niombe msamaha kwa kumkaidi mbele za watu. Nilikataa, nikalala bila kula, na kesho yake nikakataa tena. Siku ya tatu baba alilikata bomba, akaziba matundu yote mawili, akasema bila kunitazama, "Sasa kila tumbo itakunywa maji yake." Mwaka huo niliacha shule, na wapo wanaodhani hapo ndipo nilipopotea.

Tangu hapo nimetembea: Tenke, Kasenga, Moba, Kalemie, popote penye kitu cha kufungua na kutazama ndani. Mwezi uliopita nilirudi Nzilo. Kitanda cha baba hakipo tena. Kuna boti mpya ya plastiki yenye matumbo mawili, mota mbili, na makoti ya kuokolea maisha. Zamani tulikuwa na pampu moja na tulijua kila tone lilipo, leo kuna pampu inayojiwasha yenyewe na hakuna anayeinama kutazama. Kijana mwenye boti aliniambia nipande, watu wananingoja. Nikamwambia afungue vifuniko kwanza, nione kama matumbo yameunganishwa.

"Mama, weye ni enjenia?"

"Hapana. Fungua."

Abiria wakacheka, mmoja akanipigia mluzi. Nikaketi juu ya kamba iliyoifunga boti gatini, nikakunja mikono. Kijana akafungua vifuniko.