Mbu Thelathini na Mmoja wa Gurei

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa upawa mweupe, ndoo, na buti za mpira zilizonizidi miguu. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka ukimbizini Uganda, amani imetiwa saini karibuni, mji mzima unanukia saruji na rangi. Kazi yangu katika maabara ya wadudu ilikuwa kuchota viluwiluwi, yaani mbu wachanga wanaoogelea majini kabla ya kuota mabawa. Nilichota mtaa wa Lemon Gaba, nikachota nyuma ya vibanda vya mtaa wa Hai Cinema, akina mama wakiniuliza kama napika supu. Nilifurahi kama bwana harusi.

Mkuu wa Maabara, Daktari Rebeka, alikuwa mama mfupi aliyesomea Nairobi. Aliniambia siku ileile, "Lado, hapa hatutafuti umaarufu. Tunatafuta mbu."

Mwaka wa tatu, katika nyayo za ng'ombe zilizojaa maji kule Gurei, pembeni mwa mji, nilipata mbu weusi ambao hakuna aliyejua kama wanabeba malaria. Wataalamu wageni walibishana juu yao mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti. Nikajiambia: jibu nitalitoa mimi, niliyeishia darasa la saba.

Nikawafuga kizimbani, sanduku lililofunikwa kwa neti. Mara homa ikanishika. Nilitazama damu yangu kwenye hadubini, nikaona malaria. Nilipaswa kumeza dawa saa ileile. Niliiweka mfukoni siku sita, kwa sababu vile vijidudu vinavyomwambukiza mbu huchelewa kutokea. Siku ya sita, meno yakigongana, niliingiza mkono kizimbani. Mbu thelathini na mmoja wakanywa wakashiba. Ndipo nikameza vidonge. Sikumwambia mtu.

Siku nane baadaye nilimkuta uani Mama Akello, Mganda aliyetupikia chai na kufagia, mikono imejaa povu.

"Mzee Lado, hii neti yako ilikuwa chafu sana," alisema. "Mimi nimefua. Lakini hiyo mbu yako imeniuma hapa."

Kizimba kilikuwa wazi. Nilikimbia kwa Daktari nikaeleza kuwa mbu niliowalisha damu wametapakaa chumbani.

"Walikunywa damu ya nani?" aliuliza.

"Yangu. Yenye malaria."

Hakupiga kelele. Aliingia nami katika chumba kile, akaziba chini ya mlango kwa shuka, akanipa mrija wa kunyonyea, ule wa kioo tunaovutia mbu kwa pumzi. "Kalas, basi. Tunawakamata wote. Wewe hesabu."

Tuliwasaka mpaka alasiri, tukipanda meza na kugongana vichwa. Wa mwisho, wa thelathini na mmoja, alitua kwenye paji la uso la Daktari.

"Usipige," alinong'ona. "Vuta!"

Nikavuta. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni.

Kisha akawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini. Ukutani mwa matumbo yao kulikuwa na vifuko vya mviringo: malaria ikikua, lakini haijafika kwenye mate, yanayomwambukiza mtu.

"Akello yuko salama," alisema. "Na wewe ulikuwa sahihi: mbu hawa wanabeba malaria."

Niliruka juu. Akaninyooshea kidole.

"Sahihi, na nusura ufe. Ukachezea maisha ya mama aliyekufulia neti. Hii haiandikwi popote."

Akaziosha mbele yangu zile slaidi, vioo vyenye ushahidi wote. Iliniuma kuliko homa.

Kesho yake nilimweleza Mama Akello ukweli. Aliweka birika chini. "Kwa hiyo mimi ilikuwa panya yako ya maabara?" Alininyima chai wiki nzima, na nilistahili.

Tulianza upya, kwa idhini ya wenye nyumba. Asubuhi tulitandika shuka nyeupe vyumbani Gurei, tukapuliza dawa, tukaokota mbu walioanguka na kuwapasua. Misimu miwili ya mvua ilipita ndipo jibu likaja, lilelile. Vyandarua vikapelekwa Gurei, nyumba kwa nyumba. Katika ripoti jina langu halimo. Imeandikwa tu "wafanyakazi wa uwandani".

Nilistaafu mwaka ule tulipopiga kura ya uhuru. Vijana huniuliza kama kukosa jina kunaniuma. Kuliniuma mwaka mmoja hivi. Siku hizi, Jumapili nikitoka kanisani, huzunguka kwa makusudi nipite Gurei. Watu huniamkia kama wanavyomwamkia mzee yeyote. Hawajui nilifanya nini, la kheri wala la kijinga. Nami huitikia kwa sauti kubwa, nyumba baada ya nyumba.