Mama na Seli za Mdogo Wangu

Mama alipougua moyo, mimi ndiye niliyefunga kibanda changu cha nguo pale Voi nikarudi Mwatate kumwuguza. Nilijifunza kupika bila chumvi, kumwinulia mito apate kupumua, kumbonyeza miguu kila asubuhi nione kama imevimba. Dawa alizitema. "Zinanikojoza tu," alisema, akageukia ukutani.

Kisha mdogo wangu akaja kutoka Nairobi, ambako hufanya utafiti wa damu maabarani. Hata mkoba hajatua, Mama, ambaye kwangu hakuwa na neno, akamwuliza, "Hebu niambie, mwanangu, moyo wangu una nini?"

"Mwilini kuna seli za kinga, Mama, kama askari. Nyingine kazi yao ni kuwatuliza wenzao vita vikiisha, kidonda kipone. Lakini moyo ukiugua muda mrefu, hizo za kutuliza nazo zinaweza kuharibika. Kwa panya tunaona zinachochea moto badala ya kuuzima, na moyo unazidi kupata makovu."

"Kumbe! Waliowekwa kunituliza ndio wanaonichoma?"

"Baadhi yao. Dawa ya kuwarekebisha bado inatafutwa. Kwa sasa meza hizi, zinaupunguzia moyo mzigo."

Mama akameza zote bila kukunja uso. Nilienda jikoni nikasugua sufuria iliyokwisha takata. Habari za mzigo nilikuwa nimemwambia mimi tangu tulipotoka hospitali, kwa maneno yayo hayo.

Wanawake wa kanisa walipokuja kumjulia hali, aliwasimulia habari za seli, mkono wa mdogo wangu kaushika. "Huyu amenifumbua macho," alisema. Mmoja wao akanigeukia, akaniuliza kama chai ina sukari.

Mdogo wangu alipoondoka tu, Mama akaanza tena kutema dawa. Nikampigia simu kwa hasira. "Njoo umlishe wewe basi!"

Akasema, "Dada, hebu mpe simu."

Tangu hapo hupiga kila jioni, na Mama humeza huku akimsikiliza. Uvimbe umepungua, juzi alitembea mwenyewe hadi langoni. Nilimshukuru Mungu, na bado roho iliniuma. Simu ikiita, mimi ndiye ninayemshikia sikioni, maana mkono wake hutetemeka. Yeye hucheka na mwanawe. Mimi husimama kando yake mpaka wamalize.