Siku Ukumu alikataa kupita ku arrivée

Wakubwa wa humu, jambo yenu. Hii sikuitunga. Niliiona na haya macho mbili, na Ukumu mwenyewe iko hai, mumuulize.

Ilikuwa Bunia, wakati tulikuwa tungali Bazaïrois, inchi ingali inaitwa Zaïre. Frère moja, mutawa wa paroisse yetu, alituletea muchezo wa boussole: anakupatia dira na carte ya kuonyesha njia, unaingia ku milima kutafuta vibendera vyekundu.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Filimbi ya saa nane ikilia, umepata vibendera ao haukupata, unarudi ku arrivée, pale pa kumalizia, Frère akuone sura. Asipokuona, unahesabiwa umepotea.

Ukumu, mutoto wa mama mudogo wangu, alikuwa amejisifu quartier nzima. Hata bamama wa samaki ku soko walijua njo yeye atashinda.

Alipata kibendera kimoja. Nacho mbuzi ilishakula nusu.

Filimbi ikalia. Akafikiri namna tutamucheka (na mi maneno nilikuwa nimetayarisha, siwadanganye). Akakata njia ya Kasenyi, akaenda kwa shangazi yake, akakula ugali na samaki, akalala mupaka jua ikashuka.

Huku sasa tunaita, tunazunguka milima. Kando ya maji ya Shari tukakuta kofia yake. Kumbe aliivua akunywe maji, akaisahau; siye tukasema maji imemubeba.

Mama mudogo kuiona tu, akaanguka chini. Mutoto mwanaume alikuwa na huyo tu.

Mangaribi lupango ya mama mudogo, kiwanja yote ya nyumba, ilijaa watu. Kuni zimeletwa, bamama wamekaa chini, Frère iko ku kona, macho mekundu.

Munajua desturi yetu: ukikuta kilio, unaingia unalia, kuuliza ni nyuma. Ukumu akatokea mu giza giza, mikono ku kichwa, analia kutushinda siye wote. Akakaa kando ya mama yake.

“Mama, nani amekufa?”

Kilio ikakatika. Mama mudogo akamugusa uso, polepole.

“Ni weye.”

Akamukumbatia sana. Kisha mukono ukateremuka, ukatafuta kuni.

Ile mbio Ukumu alikimbia, kama angeikimbia asubui, tusingemukamata. Frère akafuta macho, akaangalia saa yake.

“Umechelewa,” akasema.

Kwa hiyo, wakubwa: saa ikiisha, rudi wakuone, hata mikono mitupu. Kuchekwa haiue. Na kumucheka, tulimucheka tu, mupaka leo.

Nani humu alishaliliwa, kumbe yeye iko anakula samaki? Jitokeze hapa chini.