Zamu ya Nyumba ya Mama

Mwanangu, kabla hamjaifuta zamu ya marehemu Furaha katika likelemba yenu ya kulimiana, kaa hapa kidogo. Najua una haraka; vijana wa siku hizi hata kupalilia mnataka mmalize kabla hamjaanza.

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, hapa hapa Kisangani, meli zilipokuwa hazipandi mto tena na chakula kikawa cha kutafuta. Wanawake wa mtaa wetu waliungana. Wake wa wavuvi wa Yanonge walileta tope la mtoni la kurutubisha matuta, waliotoka Maniema wakaleta mbegu za lengalenga na maharage, na kila asubuhi wote walilima bustani ya mmoja wao, kwa zamu. Ndiyo iliyokuwa likelemba ya mama yangu. Kisha homa ikamchukua mama, nikabaki mimi, msichana mdogo, na Papy, mdogo wangu, aliyekuwa ameanza kuvimba miguu kwa kukosa chakula. Tulikuwa na bustani ya mama tu.

Zamu ya mama ilipofika, wenzake walikubaliana kuiruka. Walisema mwenyewe hayupo, na nguvu zao ni chache. Siwalaumu sana, nao walikuwa na njaa.

Asubuhi hiyo ukungu wa mto Tshopo ulikuwa mzito. Nikiwa mlangoni nikasikia jembe likilima kwenye bustani ya mama, taratibu. Nikafurahi, nikadhani wamebadili nia. Nikambeba Papy mgongoni, nikaenda. Njiani nikawakuta wanawake waliokuwa wakienda kwenye bustani ya zamu iliyofuata, wamesimama, majembe mabegani. Nao walikuwa wanalisikia. Walitazamana kuona nani hayupo, na wote walikuwapo. Papy akacheka, akanyoosha mkono kuelekea kwenye ukungu.

Tulipokaribia, sauti ikakoma. Matuta yalikuwa yamelimwa upya, magugu yamelazwa mizizi juu, vile mama alivyozoea kuyalaza. Udongo ulikuwa umelowa, lakini haukuwa na alama ya mguu hata moja. Tuta la mwisho lilikuwa limeachwa katikati.

Wengine walitaka kukimbia. Mama Zaina, mkubwa wao, akawakemea bila kupaza sauti:

“Munaogopa nini? Iko anafanya kazi yenye tuliacha. Mufu hakule, lakini batoto yake banakula. Bon, shikeni majembe, tumalize.”

Wakamaliza. Tangu hapo zamu ya mama haikurukwa tena, mpaka nilipoweza kulima mwenyewe. Papy akapona, ndiye huyo mjomba wako, tonton mwenye pikipiki, anayemaliza sufuria ya sombe peke yake akirudi kutoka Bafwasende.

Leo bei zimepanda tena, na mmefanya vizuri kuungana, ninyi wa kanisani na wenzenu wa msikitini. Lakini Furaha ameacha watoto kwa bibi asiyeona. Mwanangu, zamu ni ya nyumba, si ya mtu. Aliyekufa, aliye mgonjwa, aliyekwama safarini, limeni kwake hata kama mmechoka. Msingoje watoto waje kuomba, maana hawatakuja.

Tena nikwambie. Leo alfajiri nilipofungua mlango nilisikia jembe upande wa bustani ya Furaha. Nikadhani ni ninyi. Kumbe mlikuwa bado mmelala.

Mungu awape mvua ya kutosha na mikono yenye nguvu. Na kesho mkienda huko kwenye ukungu, awajalie msikute yeyote amewatangulia.