Moto Ulio Ndani ya Chupa

Mbah Wagirah, yaani Bibi Wagirah, aliitazama chupa iliyokuwa juu ya meza ya chanjo. Chupa ya surua ni ya watoto kumi. Ikishachanganywa ina saa sita tu, kisha kilichobaki ni cha kumwagwa. Asubuhi walichomwa watoto wawili. Sasa zilibaki saa mbili, na muuguzi Retno alikuwa akibonyeza simu yake.

"Nimewatumia ujumbe wazazi wote, Mbah. Wamesoma."

"Wamesomea wapi?"

"Huko huko mjini, viwandani."

"Na watoto wako wapi?"

"Kwa bibi zao."

"Haya. Hao bibi wana simu?"

Retno akaiweka simu mezani.

Wagirah akageukia kibanda cha walinzi, paliponing'inia kentongan, gogo la mfenesi la kupigwa kuitia watu, lililochongwa mwanya wa kutolea sauti. Lilikuwa limejaa vumbi. Lo, jinsi alivyoitamani sauti ile!

Enzi ilipokuwa ikilia, alikuwa mama kijana wa kujitolea kwenye chanjo, miguu myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Siku moja ya kampeni ya chanjo, kijiji kizima kikiwa mashambani kuvuna mpunga, mama mmoja, Painem, alishuka kutoka mlimani, mwendo wa saa tatu, mwanawe mgongoni. Ilibaki chupa moja, haijafunguliwa. Mantri Sugondo, muuguzi wa wakati huo, akatikisa kichwa.

"Sifungui chupa kwa mtoto mmoja. Dozi tisa nzima nikazimwage shimoni? Rudi wiki ijayo."

Painem hakubisha. Alianza tu kukaza kitambaa cha mgongoni, na hilo ndilo lililomuuma Wagirah. Mdogo wake mwenyewe, Sarmi, alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili, na mama yao naye hakuwa mtu wa kubisha.

"Fungua," Wagirah akasema. "Hao tisa nitakuletea."

"Utawatoa mfukoni?"

Wagirah alikwenda moja kwa moja kwenye kentongan. Mapigo matatu ya polepole yalikuwa ya mkutano, na kwa mkutano hakuna aliyeacha mpunga wake. Mapigo ya mfululizo yalikuwa ya moto. Wagirah akapiga mfululizo, maana alijua jambo moja: moto ukiwaka, hakuna mama anayemwacha mtoto nyuma.

Wakaja mbio, na ndoo, na miundu, na watoto mgongoni. Mbele yao Pak Kliwon, bwana mkuu wa kitongoji, akihema.

"Moto uko wapi?"

"Umo kwenye chupa, Pak. Saa sita zikipita, umezimika."

Walikuja watoto kumi na wanne. Chupa ikaisha wengine wakiwa bado kwenye foleni, Mantri ikabidi apande baiskeli kufuata nyingine. Siku ile Wagirah alitukanwa mara mbili: kwa kuita watu bure, na kwa kuita watu wengi mno.

"Ukiigusa tena kentongan, mimi na wewe basi!" alifoka Pak Kliwon, huku mwenyewe akimkunjia mwanawe mkono wa shati.

Tangu hapo hakuigusa. Lakini aliipenda siku ile kuliko siku ya harusi yake, na hakuona haya kusema hivyo hata mbele ya mumewe.

Sasa alivaa kandambili, akaenda kwa Pak Kliwon. Ukuu alishauacha zamani, na alikuwa akisikia kwa sikio moja.

"Pak, bado umenikataza?"

"Nini?"

"Kentongan!"

"Bado."

"Kuna chupa iko wazi. Zimebaki dozi nane."

Mzee akaushika mkongojo wake, akasimama kwa tabu.

"Wewe nimekukataza," akasema. "Mimi nani kanikataza?"

Akaenda hadi kibandani, akaipiga kentongan kwa mkongojo, mfululizo. Vijana wawili walitoka kuuliza kuna sherehe gani. Kisha milango ya nyuma ikaanza kufunguka, mabibi wakatoka, wengine wakichechemea, kila mmoja na ndoo mkono huu na mjukuu mkono ule.